Mimi Mlutheri wa Machame, mwenzangu Mkatoliki wa Kibosho. Wazee wamegoma pande zote, tufanyeje?

BintiWaNgambo

Habarini wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba msinirushie mawe kabla hamjafika mwisho, ni ndefu kidogo.

Nina miaka 29, nimezaliwa Machame, Mlutheri wa kuzaliwa, kipaimara nimepata, kwaya ya vijana nimeimba mpaka nilivyohamia Dar kikazi. Mwenzangu ni wa Kibosho, Mkatoliki, tena ile familia ambayo haikosi mtoto mmoja seminari. Tuna miaka minne pamoja na hatuna ugomvi wa dini hata siku moja, Jumapili kila mtu anaenda kwake tunakutana mchana kwenye msosi.

Desemba tukapanda Moshi kama Wachaga wote nikasema sasa ndo wakati. Kwetu baba hakusema neno, alichukua redio yake akahamia nje. Mama swali lake likawa moja tu, "ameshakubali kubadili?" Ila aliyeniacha hoi ni bibi mzaa baba. Nilivyotaja Kibosho akasema "wale waliotuchomea?" Mi nikacheka nikajua utani, kumbe mwenzangu hatanii, akaweka kikombe chini na chai hakuimalizia.

Kwao mama mkwe mtarajiwa kanipokea vizuri sana kwa kweli, mtori, ndizi nyama, hadi kanifungia parachichi za kuondoka nazo. Tulivyofika suala la kanisa ndo akaniuliza wajukuu zake watabatizwa wapi, na alivyouliza ni kama ameshawahesabu na majina ameshawapa.

Sasa nimekwama hapa. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu kaniambia nikifunga ndoa kwa Wakatoliki natengwa, na nikitaka kurudi kundini nitasimama mbele ya usharika mzima. Huku mwenzangu kaambiwa na jamaa wa jumuiya yao kwamba lazima mimi "nijiunge" kwanza, mafundisho mwaka mzima, bila hivo hakuna ndoa.

Kinachoniuma zaidi hawa watu msibani wako pamoja. Baba yangu mdogo alivyofariki mwaka juzi turubai lilitoka Kibosho, sufuria zilitoka Kibosho, wanaume wa huko ndo walikesha na sisi na hakuna aliyeuliza mtu amebatizwa wapi. Kahawa wamepeleka chama cha ushirika cha KNCU pamoja toka enzi za babu. VICOBA wako pamoja. Yani ikifika ndoa tu ndo Martin Luther anafufuka?

Naomba aliyepitia anisaidie. Je ni kweli lazima nibadili? Na hawa wazee unawaingiaje?

---

Chuma Cha Pua

Mnaoa kanisa au mnaoa mtu? Nendeni bomani kwa mkuu wa wilaya mkafunge ndoa ya serikali, dakika ishirini, mkitoka hapo supu. Next.

---

BintiWaNgambo

@Chuma Cha Pua ungekuwa unamjua baba yangu usingeandika hivo 😂 akisikia bomani ile redio sijui ataihamishia wapi, Arusha labda.

---

Moto Ulao

Bwana asifiwe. Dada tatizo lenu nyote wawili mko kwenye dini, hamko kwenye WOKOVU. Okokeni wote, mbatizwe kwa maji mengi, mje kwetu mfungishwe ndoa ya roho na kweli. Hapo hakuna tena Machame wala Kibosho.

---

Chuma Cha Pua

@Moto Ulao yani mtu analalamika makanisa mawili yanamgombania wewe unamletea la tatu 😂😂😂

---

MzeeKahawa

Binti yangu marahaba. Mimi nina miaka 71, nimekuwa mzee wa kanisa KKKT, huku kwetu Walutheri, vipindi vitatu, sasa nimepumzika na mifugo yangu. Nitakwambia jambo ambalo mimbarini huwa hatulisemi.

Bibi yako hajakosea wala hajachanganyikiwa. Kabla ya Mjerumani, Mangi (mtawala) Sina wa Kibosho alikuwa na nguvu kuliko mangi wengi wa mlimani na Machame iliteswa naye sana, ng'ombe, watu, moto, hizo habari bibi yako kazipata kwa bibi yake aliyezishuhudia. Wajerumani walikuja kumpiga Sina mwaka 1891. Sasa angalia kilichofuata. Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu walipanda kutokea pwani miaka hiyo hiyo, wakaanza Kilema halafu wakaja Kibosho. Old Moshi walikuwepo Waanglikana wa CMS tangu 1885, Mjerumani akawatilia shaka kwamba wanampa mangi silaha wakatimuliwa 1892, na mwaka 1893 wakaingia Walutheri wa Leipzig wakaanzia Machame. Kila mangi akawa na mzungu wake, jirani yako akishampata wake na wewe huwezi kubaki mikono mitupu.

Kwaiyo ukizaliwa ng'ambo ile ya mto Weruweru wewe ni wa Papa, ukizaliwa huku ni wa Luther. Niambie hapo Biblia ilisomwa saa ngapi? Mpaka wa vita vya mangi ndo tukaujengea minara miwili tukaupigia na kengele.

Halafu wamisionari wetu wenyewe walikuwa na fikra zao. Bruno Gutmann aliyekaa mlimani miaka mingi aliamini kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, wala mimi simlaumu, aliipenda mila yetu kuliko wazungu wengi. Ila matokeo yake kuhama kanisa kukawa ni kama kuhama ukoo. Ndo maana baba yako hakukujibu, yeye hajasikia habari ya dhehebu hapo, kasikia binti anahama kihamba, shamba la ukoo.

Na hilo la kutengwa, mimi nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo na sijivunii. Nimewahi kupiga kura mabinti watengwe kwa kufunga ndoa parokiani, na mmoja alisimama mbele akiwa na mimba ya miezi saba kwenye joto anasomewa tangazo. Mume wake Mkatoliki alikaa benchi la nyuma na kofia mkononi. Mpaka leo nikikutana na yule mama sokoni natangulia mimi kumwamkia, japo ni mdogo kwangu.

---

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefundisha mafundisho ya ndoa miaka mingi kwaiyo hapa naomba nisahihishe mambo kabla binti hajakata tamaa bure.

HUHITAJI KUWA MKATOLIKI ili ufunge ndoa na Mkatoliki. Aliyemwambia huyo kijana hivo ni jirani wa jumuiya, hakuwa paroko. Hiyo inaitwa ndoa ya mseto na Sheria ya Kanisa inayo kabisa, inachohitaji ni kibali cha askofu. Ubatizo wako wa Kilutheri unatambuliwa, umebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, hakuna wa kukurudishia maji kichwani, utaleta cheti chako tu. Kijana naye aombe cheti cha ubatizo KIPYA parokia alikobatizwa, kile cha zamani alichoweka kwenye sanduku hakitoshi, wengi wanakwama hapo halafu wanalaumu padri.

Kuhusu watoto. Anayeahidi ni yeye Mkatoliki, kwamba atafanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Wewe huweki sahihi ahadi yoyote, unachotakiwa ni kujulishwa kwamba mwenzako ameahidi hivyo. Zamani haikuwa hivi. Mpaka mwaka 1970 Papa Paulo VI alipobadili utaratibu, hata yule asiye Mkatoliki alitakiwa kuahidi, na enzi hizo mtu wa kanisa lingine akihamia kwetu mara nyingi alibatizwa tena "kwa sharti". Sasa wazee wenu wote wawili wamekariri sheria ya ujana wao, ndo maana wanagombana kwa kitu ambacho hakipo tena.

Kuna jambo lingine watu hawaambiwi. Askofu akiona sababu za msingi anaweza kumruhusu Mkatoliki afunge ndoa kwenye kanisa la mwenzake mbele ya mchungaji na bado ikahesabika ni ndoa halali kwetu. Ila mchague moja, asubuhi kwa mchungaji na mchana kwa padri hairuhusiwi. Nendeni wawili kwa paroko kabla hamjalipia ukumbi. Nasisitiza KABLA, maana watu wanakuja na kadi zimeshachapishwa.

---

BintiWaNgambo

@Katekista Mstaafu daah baba yangu Mungu akubariki, yani miaka minne hakuna mtu kaniambia hivi. @MzeeKahawa shikamoo, nimesoma mara mbili, hiyo ya mama mwenye mimba imenikaa.

---

Mama Watatu Kimara

Mdogo wangu mimi ndo wewe miaka 14 mbele. Mlutheri, mume Mkatoliki, yeye wa Rombo. Nikwambie yale ambayo kwenye semina za ndoa hawakwambii.

Tulifunga kwao kwa kibali kama katekista alivyosema. Nikatengwa, nikakaa miezi minane, nikarudi kundini. Yale maneno ya kurudi kundini niliyatamka huku nawaza mbona mimi sikuwahi kutoka, nilikuwa benchi lile lile kila Jumapili isipokuwa siku ya meza ya Bwana. Mchungaji alikuwa kijana tu na nilimwona anaona aibu kuliko mimi. Yaliisha.

Watoto ni Wakatoliki wote watatu. Ilinichukua muda kukubali, sikufichi. Jumapili tunatoka na gari moja, ananishusha kwetu ibada ya kwanza saa moja, anaenda nao misa, kisha nawafuata kwa bodaboda nakuta misa ya pili inaendelea maana yule wa kwanza ni mhudumu wa altare. Michango ya ujenzi tunatoa MIWILI, bahasha mbili, ahadi mbili, makanisa yote mawili yako kwenye kupaua sijui kwa nini hayamalizi.

Yote hayo unazoea, isipokuwa dakika kumi za komunyo. Watu wanainuka benchi zima wewe unakunja magoti pembeni wapite, mume anapita, watoto wanapita, unabaki na pochi za watu. Siku moja yule wa mwisho akiwa hajaanza komunyo bado tulibaki wawili akaninong'oneza "mama we umefanya dhambi gani?" Nikamwambia nyamaza. Sikuwa na jibu jingine.

Nilikuja kusoma kwamba mwaka 2015 mama mmoja Mlutheri kule Roma aliyeolewa na Mkatoliki alimuuliza Papa Fransisko swali hilo hilo, alipotembelea kanisa la Kilutheri. Papa hakumpa ruhusa na hakumkataza, akamwambia azungumze na Bwana kisha asonge mbele. Mwaka uliofuata Oktoba 31 wakakutana Lund kule Sweden, Papa na Askofu Munib Younan aliyekuwa rais wa Shirikisho la Walutheri duniani, na kwenye tamko lao wakataja kabisa uchungu wa watu wanaoshirikiana maisha yote ila hawawezi kushiriki meza moja. Nililia asee. Sio kwamba kuna kilichobadilika pale Kimara, bado napisha watu, ila kumbe benchi langu linajulikana.

Na kuhusu wazee. Baba yangu alimkubali mume wangu siku ya mnada. Unajua kwetu baada ya ibada mazao yanapigwa mnada, basi tukiwa likizo kijijini kukaletwa mkungu wa ndizi, bei ikapanda, huyu mwanaume wa Rombo akashikilia mpaka akaununua kwa hela ambayo ungepata mikungu mitano. Wazee wa kanisa wakampigia makofi. Baba jioni akamwambia "ila ndizi zenyewe mbovu." Ndo mara ya kwanza alimsemesha bila kupitia kwangu.

---

Mhaya wa Mjini

Uzi mtamu huu. Wakuu yasiwaume peke yenu huko mlimani, sisi wa Bukoba tuna majirani zetu Waganda ambao yao yalifika kwenye bunduki.

Mnajua mashahidi wa Uganda? Namugongo Juni 3 mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwachoma vijana wake wa ikulu, Wakatoliki na Waanglikana kwa pamoja. Kwenye orodha Wakatoliki ni 22 na Waanglikana 23. Moto haukuuliza nani wa padri nani wa mchungaji. Haya, miaka SITA haijapita, Januari 24 mwaka 1892 Wakristo hao hao wakapigana pale Mengo, Wakatoliki wanaitwa Bafransa na Waprotestanti Bangereza, kapteni Lugard, Mwingereza, akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Baada ya hapo nchi ikagawanywa kidini, Wakatoliki wakapewa Buddu. Mpaka leo Masaka ukitupa jiwe linampata Mkatoliki. Sasa linganisha na ile hadithi ya mzee ya Weruweru.

Na ikaingia kwenye siasa, chama cha DP watu waliita "Dini ya Papa", chama cha UPC kikaonekana cha Waprotestanti. Hata Namugongo kwenyewe ukienda leo Juni 3 kuna viwanja viwili, basilika ya Wakatoliki na kwa Waanglikana, mahujaji wametembea wiki nzima njia moja, wamelala chini ya mti mmoja, wakifika wanaachana. Mimi nimekwenda na shangazi yangu ambaye ni Mwanglikana, mimi Mkatoliki. Tuliagana pale kwa kukumbatiana kama mtu anasafiri kwenda Ulaya, akaniambia "tukutane kwenye mabasi".

Nachotaka kusema ni kwamba waliokufa walikuwa wamoja, waliobaki ndo waligombania nchi. Padri wangu aliwahi kusema Papa Paulo VI alivyowatangaza wale 22 watakatifu mwaka 1964 aliwataja na wale Waanglikana kwa heshima. Mi nikajiuliza mbinguni nao wametengewa viwanja?

---

Msee wa Limuru

Hapa Kenya pia tuko na yetu. 1913 pale Kikuyu missionaries wa Anglican, Presbyterian, Methodist na wengine walifanya mkutano wakitaka kuungana, halafu wakamaliza na ushirika mtakatifu kwa kanisa la Waskoti, askofu wa Mombasa ndiye aliongoza. Mkate mmoja tu! Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliposikia akawashtaki wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury ati ni uzushi. Vita ya dunia ndio iliwafanya wasahau hiyo kesi kidogo.

Kwa hivyo dadangu kama mkate moja ulileta kesi mpaka Uingereza, wewe usishangae mzee wa kanisa.

---

Chuma Cha Pua

Sasa mnaona nilivyosema bomani? 😂 Seriously ila najifunza, sikujua haya.

---

Mtoto wa Ziwani

Nasoma kimya kimya tangu jana. Mimi ni Mrundi, nimekulia Kigoma, niko huku Marekani sasa.

Kwetu hatukugawanyika Mkatoliki na Mlutheri. Tulikuwa kanisa moja, misa moja, komunyo moja, tukauana. Kwaiyo mkinisikia sishangilii sana umoja wa benchi moja msinione mbaya, nimeona watu waliokula mkate mmoja asubuhi.

Ila kuna kitu nataka kiwepo kwenye huu uzi. Seminari ndogo ya Buta, kule Bururi, Burundi, Aprili 30 mwaka 1997. Wenye silaha waliingia alfajiri bwenini wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku Watutsi huku. Wakakataa. Wakaamriwa tena wakakataa. Waliuawa 40. Walikuwa wanafunzi tu, umri wa wadogo zako, na wamezikwa pale pale kwa mstari.

Nimewahi kumsikia mzee mmoja anasema kilichowafanya wakatae ni kwamba walikuwa wameishi pamoja kwa makusudi, kupika, kufua, kucheza mpira, kuongea waziwazi habari za ukabila wakati nje watu wanachinjana, yani walikuwa wameshalizungumza kabla halijafika mlangoni. Sisi wengine tulikuwa tunaimba pamoja ila hilo neno hatulitaji.

Dada, bibi yako amelitaja. Amesema "waliotuchomea." Wengi hawapati bibi wa namna hiyo. Mimi ningerudi nikae naye nimuulize amechomewa nini.

---

MzeeKahawa

@Mtoto wa Ziwani mwanangu pole. Nimeacha kunywa kahawa nikakusoma.

Binti, msikilize huyu. Na uende na jani la isale. Siku hizi vijana mnalijua kama ua la mpakani tu, ila Mchaga akiletewa isale hawezi kukataa kusikiliza, hata kama ni kesi ya damu. Likija jani kwanza yanaongeleka. Wamisionari wengine walitukataza wakaona ni upagani, kumbe walikuwa wanatunyang'anya ufunguo.

---

Moto Ulao

Mimi nimeguswa pia niseme ukweli. Nafuta niliyoandika mwanzo. Ila kuokoka mtaokoka tu siku moja 😅

---

BintiWaNgambo

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimepotea wiki tatu, nilichukua likizo fupi nikapanda nyumbani.

Nilienda na jani, nikaona aibu njiani nikalificha kwenye kanga. Nikamkuta bibi jikoni anamenya ndizi, nikamwekea mapajani bila kusema kitu. Akaliangalia. Akaendelea kumenya ndizi karibu zote, mi nimesimama tu kama mwizi. Halafu akaniuliza "umefundishwa na nani?" Nikamwambia mzee mmoja wa kwenye simu. Akaguna, akasema kaa.

Kumbe habari ya Sina ni funiko tu. Bibi alikuwa na dada yake mkubwa, na sisi wajukuu HATUKUJUA kama yupo. Aliolewa Kibosho kabla ya uhuru. Walimbatiza tena kule na akapewa jina jingine, na baba yao alivyosikia kabatizwa tena akasema basi huyo nimemzika, akakataza mtu kuvuka mto kwenda kwake. Bibi anasema walikuwa wanakutana kwa kuibia siku za soko. Sokoni ndo wakawa dada. Huyo dada alifariki 1974 na bibi hakwenda, alishaolewa, ana watoto, na mume wake alikuwa mzee wa kanisa, akaogopa kutengwa. Siku ya mazishi alienda kukata majani ya ng'ombe karibu na mto, akasikia kengele ya ng'ambo inagongwa, akajua ndo wanamshusha. Akakata majani akarudi.

Aliponimalizia ndo akaniuliza swali ambalo kumbe ndo lilikuwa rohoni tangu Desemba. "Na wewe ukifa huko tutakuja kukuzika au tutasikia kengele?"

Sikuweza kujibu wakuu. Kumbe miezi yote nabishana mambo ya vyeti na watoto wabatizwe wapi, mtu anawaza kaburi langu.

Jioni baba kapata habari kwamba bibi kaongea, akaja akakaa mlangoni na redio yake ila haikuwa imewashwa. Na yeye hakujua kama ana mama mkubwa Kibosho. Alichouliza tu ni kihamba gani.

Nikampigia mwenzangu, akamwambia mama yake, na mama mkwe mimi nilifikiri yeye ni wa wajukuu tu, yule mama kazunguka siku mbili kwa miguu anauliza wazee mpaka kaupata ule ukoo. Kaburi lipo chini ya migomba, lina msalaba wa saruji, na wajukuu wa yule dada wapo, mmoja ni sista. Kumbe nina ndugu sista jamani.

Mambo ya ndoa, kwa paroko tumeshaenda wawili. Ni kama Katekista alivyosema neno kwa neno, kachukua cheti changu akaangalia tarehe akasema sawa, anaandika barua ya kuomba kibali. Mchungaji wangu ameniita, amesema suala la kutengwa litaenda baraza la wazee na hawezi kuniahidi kitu, ila yeye binafsi atakuja kanisani siku hiyo na akikaribishwa atasoma somo. Mzee wa kanisa wa mtaa bado hapokei simu zangu. Mama bado anauliza kama mwenzangu atabadili. Watoto tumekubaliana kitu sisi wawili na naomba nisikiandike hapa.

Jumamosi tunavuka na bibi kwenda kaburini. Ana miaka 86. Amekataa gari lisifike mpaka uwanjani kwa watu, anataka ashukie barabarani aingie kwa miguu kama mgeni anavyopaswa kuingia. Jani kakata mwenyewe. Ameniagiza raba, namba tano, isiwe na kisigino maana anasema vihamba vya kule vina mteremko na majani ya mgomba yakilowa yanateleza.

@Mama Watatu Kimara nitakutafuta inbox tuongee habari ya zile dakika kumi.

---

Mama Watatu Kimara

Njoo mdogo wangu. Na raba mnunulie yenye kamba, za kuchomeka zinabaki kwenye tope.